Ndege Isiyojua Miguu

Wanaosema mume wangu alisahau miguu wanyamaze. Nimewasikia sokoni, nimewasikia kwenye foleni ya maji, na juzi nimemsikia mteja wangu mwenyewe. Nampima kiuno, pini zimejaa mdomoni, naye ananiambia, "Eti mama, ni kweli mzee alitengeneza ndege nzima akasahau mahali pa kuweka miguu?" Nilitoa pini zote mdomoni kwanza. Ningemjibu nazo mle ndani, mmoja wetu angeumia.

Hakusahau kitu. Kaeni niwaeleze, maana mji mzima unaisimulia hadithi hii kwa kuitia chumvi, na kati yao hakuna hata mmoja aliyeshika gundi wala sindano wakati tunaitengeneza.

Mume wangu ni seremala. Anatengeneza vitanda, makabati na madawati ya shule. Miguu yote miwili ilikatwa juu ya magoti akiwa kijana, baada ya lori la mbao kurudi nyuma na kumbana ukutani. Alipotoka hospitali watu wa mtaa wakampa jina, Fundi Nusu. Mwingine angelia, mwingine angerusha mawe. Yeye alitafuta ubao mzuri, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya bluu, akaandika kwa herufi nyeupe: FUNDI NUSU, KAZI NZIMA. Akaupigilia juu ya mlango wa karakana yake. Tangu hapo jina likawa lake, na anayelitaja kwa kejeli huambiwa aagize kitanda au apishe mlangoni.

Mimi nilimkuta hivyohivyo. Nilipanga chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikaweka cherehani yangu. Kila nikikanyaga pedeli, yeye anagonga ukuta: "Jirani, punguza mwendo, utapata ajali!" Siku ya kwanza nilimjibu vibaya, akacheka. Siku zilizofuata nikawa naikanyaga kwa nguvu makusudi ili agonge. Nilipokwenda kwetu kusema kwamba ndiye ninayeolewa naye, shangazi yangu alishika kichwa. "Mwanangu, wanaume wazima wamekwisha?" Nikamwambia, "Shangazi, wale wazima ulioniletea wote walikuwa na miguu mizuri ya kukimbilia." Alininunia mwezi mzima, kisha akaja harusini na kucheza kuliko wote.

Mama mkwe wangu nampenda, lakini alikuwa na jambo moja lililonichemsha damu. Alikuwa na shuka la kijivu lenye mistari, analibeba kwenye mkoba wake kila aendako. Akitokea mgeni tu, analitoa na kumtandikia mwanawe mapajani, analinyoosha mpaka lifike chini, ili mtu adhani miguu imo mle ndani. Hata siku ya harusi yetu alifanya hivyo, na picha zote zina shuka. Mume wangu hakumzuia. "Mwache, mama anaona baridi kwa niaba yangu," alikuwa akiniambia. Mimi sikuona baridi, niliona hasira, ila nikauma ulimi kwa sababu ni mama yake na ndiye aliyemlea mara mbili.

Sasa hizo ndege. Alianza nazo utotoni, za karatasi, kisha za vijiti na mpira wa kusokota. Baada ya ajali akaziingia kwa moyo wote. Aliyoipenda kuliko zote aliichora mwenyewe na kuiita Kereng'ende: mabawa juu, mkia mrefu, injini ndogo inayolia kama mbu mwenye hasira. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ilikuwa na urefu wa mlango. Ndani alimkalisha mdoli wa mbao mwenye kofia na macho makali, na mdoli huyo aliishia kiunoni. Mbele yake, pale ambapo miguu ingekaa, palikuwa na tangi la mafuta. Nilimuuliza, "Mbona huyu hana miguu?"

Akanitazama. "Kwani anakwenda wapi kwa miguu?"

Kereng'ende aliirusha kwa rimoti yenye vijiti viwili. Kijiti cha kulia kinainua pua, kinaishusha, kinalaza mabawa. Kijiti cha kushoto, ukikisukuma mbele injini inaongeza nguvu, na ukikipeleka pembeni mkia unageuka. Vidole gumba viwili, basi. Kila Jumamosi uwanja wa mpira ulikuwa ukijaa watu wa kumtazama. Jumamosi moja aliishusha polepole kwenye nyasi, akaiweka rimoti mapajani, akasema, "Nataka kukaa pale alipokaa yule mdoli." Nilicheka. Nilipoona yeye hacheki, nikaacha.

Mtu wa kwanza kulichukua neno lile kwa uzito alikuwa Kapteni. Huyu ni rubani mstaafu, mwembamba, mrefu kama ngazi, anayefundisha watu kurusha ndege kwenye kiwanja kidogo cha nje ya mji. Alikuwa akija kuitazama Kereng'ende. Akamchukua mume wangu, akampandisha kwenye ndege ya mafunzo, akamkabidhi usukani. Waliporudi akaniambia mkono wa mume wangu umetulia kuliko wa mwanafunzi yeyote aliyewahi kumfundisha. Lakini ndege zile zina pedeli za kugeuza mkia, kwa hiyo kila walipokata kona Kapteni ndiye aliyekanyaga. Na asiyefika kwenye pedeli hapewi leseni, hata awe na mikono ya dhahabu. Waliruka mara nyingi, na kila mara mume wangu alirudi nyumbani kimya, akavua kofia na kusema, "Leo nimebebwa tena."

Neno hilo lilinichoma. Mtu huyu anapanda na kushuka kitandani peke yake. Anabeba ubao wa kabati begani akijisukuma kwenye kigari chake. Anachokichukia duniani ni kubebwa. Basi mjue alichokitaka: akae mwenyewe, ashike mwenyewe, aende juu bila mtu wa kumkanyagia. Hakutaka sifa wala gazeti.

"Zao zina pedeli," akaniambia asubuhi moja tukinywa chai. "Ile yangu haina. Nitaikuza."

"Utaikuza mpaka wapi?"

"Mpaka niingie."

Tulibomoa ule ukuta wa mbao kati ya karakana yake na chumba changu, maana bawa lisingetosha upande mmoja. Na hapo ndipo lilipotokea kosa letu la kwanza, na kosa hilo ndilo watu wangepaswa kulisimulia, maana lilikuwa kosa kweli. Alichukua kila kipimo cha Kereng'ende akakizidisha mara tano. Kila kimoja! Kijiti kilichokuwa na unene wa penseli kikawa na unene wa mguu wa meza. Gundi nayo akaizidisha. Tulipomaliza bawa moja tulihitaji majirani wanne kulitoa nje, na mmoja wao akashikwa na kiuno hadi leo hajatusamehe. Mama mkwe alilitazama bawa lile uani, akaona limelala vizuri juani, akaanika nguo. Nilijua mume wangu ameumia kwa sababu hata utani alikosa.

Kapteni akaja na kalamu na kutuonyesha. Ukikuza kitu mara tano kila upande, eneo la bawa linakua mara ishirini na tano, lakini uzito unakua mara mia moja ishirini na tano. Kwa hiyo bawa linapewa mzigo mkubwa kuliko linavyoweza kubeba. Mume wangu akashika kichwa. Mimi nikacheka, na mara hii nilikuwa na sababu.

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu hili nalijua. Mteja akiniletea gauni la mtoto wake, anataka na yeye la namna ileile, unadhani nazidisha tu? Nikizidisha, shingo itamwanguka mpaka mabegani na kwapa litakuwa pana kama gunia. Shingo haikui kama nyonga. Kitufe hakikui kabisa. Unaangalia kila sehemu inafanya kazi gani, ndiyo unajua ikue kiasi gani."

Akajisukuma mpaka kwenye meza yangu, akavuta karatasi ngumu ninazochorea vipimo, akasema, "Haya, mama. Nikatie gauni la Kereng'ende."

Tukaanza upya. Umbo la bawa tulilikuza mara tano kamili, kwa sababu umbo ndilo linalobebwa na hewa. Vijiti vya ndani hatukuvikuza hivyo. Alivipasua vyembamba, akavitoboa matundu katikati, akavifunga kwa pembe tatu kama anavyofanya chini ya kitanda kirefu. Alichora kwa chaki sakafuni, mimi nikakata karatasi, yeye akakata mbao. Kitambaa nilishona mimi, mishono miwili kila mahali, na kila mshono niliuvuta kwa meno kabla ya kuupitisha. Injini alitupa Kapteni, ameitoa kwenye ndege ya zamani iliyogonga kichuguu. Kila tulipofunga kitu, mume wangu na Kapteni walikining'iniza kwenye mizani ya nafaka na kupiga hesabu upya.

Tulipofika kwenye kiti, Kapteni akauliza pedeli zitakaa wapi.

"Hazitakaa," akajibu mume wangu. "Hapo ni pa tangi. Ndege hii tangu ikiwa ndogo haijawahi kuona mguu. Nikiiwekea miguu leo itanishangaa."

Kwa hiyo akaweka vishikio viwili, kulia na kushoto, vinavyofanya kazi sawasawa na vile vijiti vya rimoti. Breki ya mkono. Kiti akakipima kwa kukikalia. Kapteni alilizunguka tangi, akakuna kidevu, akasema uzito umekaa pazuri, na nikiangalia uso wake nikaona anajizuia kutabasamu.

Ikaja siku ya Mkaguzi, ndege tukaipeleka kiwanjani kwa Kapteni. Huyu alitoka ofisi ya usafiri wa anga, kijana nadhifu, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitia wazimu. Alikagua kila skrubu, haki yake nampa. Aligonga mbao, akavuta waya, akapapasa mishono yangu na kusema ni mizuri. Lakini kila swali aliniuliza mimi! "Mama, mzee alisomea wapi?" "Mama, mzee anatumia dawa yoyote?" Mzee yuko hapo, futi mbili kutoka kwake, anamtazama.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Masikio hayakukatwa."

Kapteni akakohoa. Mkaguzi akaona haya, akageukia makaratasi yake. Na mama mkwe, ambaye tulimleta kwa sababu alikataa kubaki nyumbani, alikuwa ameshalitandika lile shuka mapajani kwa mwanawe, mbele ya wageni wote wa kiwanja kile.

Mwishowe Mkaguzi akatoa uamuzi. Ndege ni imara. Lakini katika safari ya kwanza lazima irushwe na mwenye leseni, naye ni Kapteni. "Na kwa mzee," akaniambia mimi tena, kwa sauti laini kama ya mtu anayempa mgonjwa uji, "kwa hali yake, tumshukuru Mungu ameweza kuitengeneza. Hiyo peke yake inatosha."

Inatosha! Nilimtazama mume wangu nikaona mkono wake umelikunja lile shuka.

Kapteni akavaa kofia yake, akapanda, akaingiza mguu wa kwanza. Goti likagonga tangi. Akautoa, akajaribu wa pili. Akakaa kwa ubavu. Akainua magoti mpaka yakafika masikioni. Akatoka, akajifuta jasho, na kusema kwa uso mkavu kabisa, "Siingii."

Watu waliokuwa wamekuja kutazama wakaangua kicheko. Mkaguzi naye akashindwa kujizuia. "Jamani! Fundi amesahau miguu!" Ndipo hapo neno lilipozaliwa, na mpaka jioni lilikuwa limeshafika mjini. Mume wangu aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

Mkaguzi akasema basi, tangi lihamishwe, pedeli ziwekwe, tukutane baada ya mvua. Kuhamisha tangi ni kuhamisha uzito, na kuhamisha uzito ni kutengeneza ndege nyingine, ndege ya watu wengine. Kila mtu pale anayejua ndege alilielewa hilo. Mume wangu akamwambia kwa utulivu, "Sawa. Niruhusu basi niizungushe hapo chini, nione magurudumu." Mkaguzi, nadhani kwa huruma, akakubali. "Chini tu. Polepole. Usikanyage mafuta kabisa."

Nilimjua mume wangu. Nilijua kabla hajaondoka kwenye kigari. Aliliondoa shuka, akamrudishia mama yake mkononi, akashika kingo za kiti na kujipandisha kwa mikono miwili, akaingia pale alipokaa mdoli. Aliingia bila kugonga popote. Mimi nikapanda juu ya gurudumu kumfunga mkanda.

"Nifunge vizuri," akasema.

Niliogopa. Sitasema uongo, kifungo cha mkanda kilinishinda mara ya kwanza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na angeshuka, maana aliniangalia na kulisubiri. Nilikumbuka kofia inayovuliwa kimya mlangoni. Nikauvuta mkanda mpaka akaguna.

"Nenda," nikamwambia. "Ukifa nitakuua."

Alizunguka mara moja polepole, kama alivyoambiwa. Mkaguzi akawa anaandika. Mwisho wa kiwanja ndege ikageuka, ikatutazama, ikasimama kidogo. Kisha injini ikapandisha sauti na Kapteni akavua kofia yake.

"Hee! Hee! Anafanya nini yule?" Mkaguzi akadondosha karatasi zote, akaanza kukimbia na tai yake begani. Ndege ikapita mbele yetu mkia ukiwa umeshainuka, na nikaona mishono yangu yote imekazana. Magurudumu yakaacha nyasi. Mama mkwe akapiga kelele akalitaja jina la mwanawe, lile la nyumbani ambalo hakuna mwingine anayelitumia.

Akazunguka kiwanja mara moja. Kona ya kwanza akaikata mwenyewe, ya pili akaikata mwenyewe. Nilikuwa nalia na sikujua, Kapteni ndiye aliyenipa leso. "Hakuna anayemkanyagia," akasema. Aliposhuka aligonga ardhi, akaruka kidogo, akagonga tena, akatulia. Akaja mpaka mbele yetu, akavuta breki, akazima. Mafuta mazito yalikuwa yameruka kutoka kwenye injini na kuchafua kioo chote, hata uso wake.

Mkaguzi akafika akihema. "Wewe!" akafoka, kidole kikimwelekea puani. "Wewe, nilikuambia nini? Nilikuambia usikanyage mafuta!"

"Sijakanyaga," mume wangu akajibu. "Tangu lori lile sijakanyaga kitu."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii hawakumcheka yeye. Na mimi nikagundua jambo: kijana yule alikuwa amesema "wewe." Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa akizungumza na mume wangu, akimgombeza kama anavyogombezwa mtu mzima yeyote aliyevunja sheria. Nilitamani aendelee kumgombeza mpaka jua lizame.

Ya ofisini yaliyofuata ni marefu na sitawachosha. Ndege ilifungwa mnyororo, tuliitwa, tulifokewa, tuliitwa tena. Waliuliza pedeli atazifunga lini, akawaambia hatafunga hata moja, waje wamkague mikono. Wakaja wakaikagua. Leseni anayo sasa, imeandikwa ni ya ndege hiyo moja tu, na mkosoaji yeyote anakaribishwa karakanani kuisoma.

Lakini ninachokikumbuka mimi ni dakika ile palepale kiwanjani. Mama mkwe alisukuma watu akapita, uso umelowa machozi, na mkono wake ulikuwa tayari umeshalikunjua lile shuka, kwa mazoea ya miaka yote, amtandikie mwanawe kabla hajashushwa mbele ya watu. Nikataka kumzuia. Mume wangu akawahi.

"Lete, mama," akasema. Akalichukua, akaliviringa mkononi, akalipitisha kwenye kioo kilichojaa mafuta. Akafuta mara moja, mara mbili, mpaka ile mistari haikuonekana tena kwa weusi. Alikuwa amekaa wazi, mapaja yake yanaonekana na kila mtu, naye hana habari, anasugua kioo chake.

Mama mkwe alilitazama shuka lake. Akamtazama mwanawe. Akajifuta pua kwa kiganja, akasogea karibu na ndege, akanyoosha kidole.

"Na huku," akasema. "Hapa umeacha."